Mbwa Akimeza Dawa Yako

Wengi wetu tuliokulia pwani tulimjua mbwa kama mlinzi wa ua: analala nje, anakula makombo, na zulia halikanyagi. Hapa Marekani tumemkuta juu ya kochi. Tunapanga chumba kwenye nyumba yenye mbwa, au tunaachiwa tumtunze mwenyewe akisafiri. Basi ni vyema kujua la kufanya siku utakayorudi kutoka darasani ukakuta pakiti ya vidonge imetafunwa sakafuni.

Kwanza tuielewe hatari. Ibuprofeni, iliyomo katika Advil, humletea mbwa vidonda vya tumbo na huweza kuharibu figo zake. Parasetamoli, ambayo hapa tunaijua zaidi kwa jina la Tylenol, huharibu ini na chembe nyekundu za damu. Piga hesabu: vidonge vitano vya ibuprofeni vya miligramu 200, kwa mbwa wa kilo 10, ni miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili wake. Ni sawa na mtu wa kilo 70 kumeza vidonge 35 kwa mkupuo.

Pakiti nayo ina ubaya wake. Kingo za plastiki zinaweza kuchana koo au utumbo, na kipande kikubwa kinaweza kuziba njia ya chakula.

Mwondoe mbwa hapo, kisha okota kila kilichobaki. Hesabu vidonge: vilikuwa vingapi, vimebaki vingapi? Soma jina la dawa na miligramu zake, kumbuka saa, na ujue uzito wa mbwa. Halafu piga simu kwa daktari wa mifugo papo hapo. Ikiwa ni usiku, tafuta hospitali ya dharura ya wanyama, au piga 888-426-4435, kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, ambacho hupokea simu saa 24. Huenda ukatozwa ada.

Usingoje dalili. Mbwa anaweza kuonekana mzima huku dawa ikiendelea kufanya kazi mwilini. Usimtapishe kwa akili yako: chumvi nyingi ni sumu kwake, na plastiki iliyoshuka bila kumkata inaweza kumkata ikipanda. Maziwa hayaondoi sumu. Daktari ndiye ataamua kama atamtapisha, atampa mkaa maalumu wa kunyonya sumu, au atamtundikia dripu.

Siku zinazofuata, angalia kama anatapika, anakataa chakula, hapati choo, au anatoa kinyesi cheusi kama lami. Ufizi ukigeuka rangi ya kahawia au akihema kwa shida, mrudishe hospitali mara moja.

Lililo gumu kwa mwanafunzi ni simu ya pili, ile ya kumwambia mwenye mbwa. Tunaogopa lawama, tunaogopa gharama, tunasema tungoje hadi asubuhi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayekufa si yule aliyeficha.

Kwa hiyo, kabla mwenyeji hajaondoka, muulize mambo matatu: namba ya daktari, uzito wa mbwa, na nani atalipa kukitokea dharura. Kisha toa dawa kwenye mkoba ulioko sakafuni, uziweke kabatini na kufunga mlango.