Walanguzi ndani ya simu: mwenye soko ana lazima gani?

Wandugu wakulima, mlanguzi tunamujua wote. Wakati wa mavuno ananunua maharagi kwa bei ya chini, anaficha, kisha anatuuzia tena wakati wa kupanda. Siku hizi kazi ile inafanyika hata ku intaneti. Je, mwenye soko ile ya ku simu ana lazima ya kumuzuia?

Tuangalie Marekani, mwezi wa tatu 2020, korona ilipoanza kuenea. Kati ya ndugu wawili wa Tennessee, mmoja alipanda gari, akazunguka siku tatu, karibu kilometa 2.100, ku maduka madogo ya Tennessee na Kentucky. Alibeba dawa ya kusafisha mikono yote aliyoikuta. Chupa 300 za kwanza waliuza ku Amazon, kati ya dola 8 na 70 kila moja. Kisha Amazon ikawafungia, wakabaki na chupa 17.700. Na watu wa vile vijiji? Walifika dukani, wakakuta rafu tupu.

Kuna wenye kusema soko ni uwanja tu, kosa ni la muuzaji. Sisi hatukubali. Amazon inachukua komisheni ku mauzo: bei ikipanda, sehemu yake pia inapanda. Tena inaona bei ya jana na ya leo, na inajua jina la muuzaji mwenye mnunuzi hawezi kumufikia.

Ndiyo maana tarehe 25 mwezi ule, wanasheria wakuu 33 wa majimbo na maeneo ya Marekani waliandikia Amazon, Facebook, eBay, Walmart na Craigslist. Waliomba masoko yafananishe bei na ile ya zamani, yazuie mapema hata kabla serikali haijatangaza hatari, na yaweke mahali pa kulalamikia. Sheria ya wauzaji ilikuwepo tayari. Kule California, wakati wa hatari, ni kosa kupandisha vitu vya lazima zaidi ya 10% juu ya bei ya mbele.

Lakini eBay ilikataza kabisa maski na dawa ya mikono, na muuzaji wa haki naye akafungiwa. Hapo walipitisha kipimo. Bei ikipanda juu barabara imekatika, hiyo si ulanguzi.

Kwetu, kooperative yenye depo ya mbegu, ao yenye grupu ya WhatsApp ya kuuzia, nayo ni mwenye soko. Mbele ya msimu A, kamati iandike kila memba apate kilo ngapi, kufuatana na shamba lake. Bei ya depo ibandikwe ku mlango na itumwe ndani ya grupu. Mwenye anauza tena aonyeshe bei aliyonunulia na pesa ya usafiri. Nani atatolewa ndani ya grupu, na kwa siku ngapi, mkutano mkuu uamue, si mwenye kushika simu peke yake.