Utangulizi: Ampule, Mita na Nyumba za Kisangani

Kitabu hiki kinahusu matumizi ya umeme nyumbani, na kimeandikwa kwa mwanafunzi wa Kisangani ambaye huenda hana maabara lakini ana kalamu, macho, na majirani walio tayari kumfungulia mlango. Tutaanza na kitu kidogo kinachouzwa kila soko la mji huu: ampule ya kupunguza umeme.

Boksi lake lina ahadi tatu. Itakula umeme kidogo, itadumu miaka mingi, itakurudishia pesa zako. Ahadi ya kwanza ni ya fizikia, nayo haina ubishi mkubwa. Ampule ya zamani, ile ya waya, hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Unaotoka kama mwanga haufiki hata asilimia 10. Ile ya kupunguza umeme, tuseme LED nzuri ya wati 9, hutoa mwanga unaokaribiana na wa ampule ya waya ya wati 60. Ziwashe kwa saa tano kila usiku: kwa mwezi ya waya itakula kilowati-saa 9, LED itakula 1.35.

Ubishi unaanza tunapouliza pesa. Kuna nyumba zenye mita, na kuna nyumba zinazolipa SNEL, shirika la umeme, kwa forfe, kiasi kilekile kila mwezi, uwashe usiwashe. Mwenye mita ya kulipia kabla ataona umeme alioununua ukienda polepole. Jirani yake wa forfe anaweza kubadilisha ampule zote za nyumba na bili isipungue hata faranga moja. Avenue moja, ampule moja, majibu mawili. Huyu wa pili usimwite mjinga akiendelea kununua ya waya kwa bei ndogo. Hesabu yake iko sawa kabisa.

Umeme anaouokoa mtu wa forfe akibadilisha haupotei, lakini faida yake inakwenda kwa wengine. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja unategemea kituo cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, chenye mashine tatu ambazo zote zikifanya kazi hazifikishi megawati 20. Tuseme nyumba 20,000 zibadilishe ampule tatu kila moja, zote zikiwaka jioni: zinaachia megawati 3 hivi, saa ileile delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, inapouma zaidi. Uganda ilifanya hesabu ya namna hiyo. Ukame ulipopunguza maji ya Ziwa Victoria na umeme kuwa wa mgao, serikali iligawa bure, mwaka 2007, ampule za fluoresenti zipatazo 800,000. Ethiopia nayo iligawa zake. Watafiti waliofuatilia za Ethiopia waliona akiba kubwa mwanzoni, kisha karibu sehemu moja kwa tano ikayeyuka ndani ya miezi 18. Jambo hili lina ukoo mrefu: Mwingereza William Stanley Jevons aliliandika kuhusu makaa ya mawe mwaka 1865. Kitu kikitumika kwa gharama ndogo, watu hukitumia zaidi. Mimi kwa upande wangu siiti hasara pale mama anapoongeza taa uani ili watoto wasome.

Sasa tufike kwenye volteji, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa somo hili kwa mji wetu. Boksi linasema 220. Nenda saa moja jioni kwenye nyumba ya mwisho wa laini, Mangobo au Kabondo, ambako waya mmoja mwembamba umegawiwa parsele nyingi. Kipimo kikisoma 160, ampule ya waya itatoa theluthi moja tu ya mwanga wake, nyekundu kama kaa la moto. LED yenye saketi nzuri, iliyoandikwa 85–265, itawaka vilevile kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa nyumba hiyo ahadi kubwa kuliko zote haikuandikwa kabisa kwenye boksi: mtu anaona anachokipika.

Nimesema saketi nzuri. Rahisi ghali, na ampule za bei ya chini kabisa zimeacha saketi hiyo. Volteji ikishuka nazo zinafifia, ikipanda zinaungua. Fungua moja iliyokufa uitazame. Vijitaa vyenyewe mara nyingi ni vizima, au kimoja tu kina doa jeusi katikati. Kama vyote ni vizima, kilichokufa mara nyingi ni kapasita, kifuniko chake kimevimba kwa joto. Saa 15,000 za boksi zinatokana na vipimo vya maabara yenye umeme uliotulia, na mara nyingi ni makadirio tu, kwa kuwa hakuna anayengoja miaka yote hiyo. Mwisho wa uhai nao umehesabiwa pale mwanga unaposhuka hadi asilimia 70. Kwetu ampule chache huufikia uzee huo. Nyingi huuawa dakika umeme unaporudi baada ya delestaji, volteji inaporuka, au hupikwa polepole ndani ya kioo cha taa kilichofungwa chini ya bati.

Za fluoresenti nitazipitia haraka. Zina zebaki kidogo, na kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara huzichosha. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, kwa pendekezo la Afrika, zilikubaliana zile za kawaida za majumbani zisitengenezwe tena baada ya 2025. Ikikuvunjikia, fungua madirisha, toa watoto nje, okota vipande kwa karatasi ngumu. Ufagio utatawanya zebaki.

Na usisahau makala, makaa ya kupikia. Katika nyumba nyingi za Kisangani nishati kubwa iko jikoni, na hakuna ampule itakayoigusa. Sura ya tano ni ya jiko.

Sura ya kwanza inadai vitu vitatu: kipimo cha volteji, daftari, na ruhusa ya mwenye nyumba. Pima saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa moja jioni, kwa wiki nzima, na kila mara andika ampule ngapi zinawaka na za aina gani. Nyaya zilizo wazi usiziguse. Pima kwenye priza.