Kabla hujaposti kitu ulichobuni, soma hii ya hataza

Wauzaji wenzangu, swali linalokuja sana kwenye meseji zangu ni hili: "Nikibuni kitu changu, naweza kuwazuia wengine wasiige?" Unaweza, ila kuna bei yake. Na kuna posti moja tu inayoweza kukukosesha haki hiyo kabla hujalipa hata shilingi.

Haki yenyewe inaitwa hataza, wengine wanasema patenti. Kwa miaka kadhaa hakuna mwingine kutengeneza wala kuuza uvumbuzi wako bila ruhusa. Bara inatolewa na BRELA, wale wale wa majina ya biashara. Zanzibar wana ofisi yao. Na wewe unatakiwa ueleze kila kitu wazi, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma anaweza kukitengeneza. Muda ukiisha kinakuwa cha wote.

Sharti kubwa: kiwe kipya duniani, sio kipya hapa Matombo tu. Kuna kijana hapa kwetu ametengeneza kimashine cha kupukuchua pilipili manga kwa vyuma chakavu na mnyororo wa baiskeli. Akaja nimpostie video kwenye ukurasa wangu wa viungo, mpaka ndani kinavyozunguka. Nikakataa, akanuna. Nikamwambia, mdogo wangu, ukishawaonyesha watu wote, umekitangaza mwenyewe, na ofisi inaweza kusema sio kipya tena. Marekani wanakupa mwaka mmoja baada ya kutangaza. Ulaya hawana huruma hiyo. Maombi kwanza, video baadaye.

Sisi wa viungo tuna kesi yetu kabisa. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda, ikaenda kwa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Manjano! Wahindi wakapeleka maandishi yao ya zamani kuonyesha kwamba hilo linajulikana siku nyingi, na mwaka 1997 ikafutwa. Kwa hiyo mtu akikutisha kwamba mdalasini wa kusaga ni hataza yake, muombe namba ya cheti.

Tuje kwenye hela. Ada ya kupeleka maombi ni mwanzo tu. Kuna mtaalamu wa kukuandikia maelezo, na hapo usibane sana, maana maneno yakikaa vibaya mwigaji anapenya hapo hapo. Kuna uchunguzi. Kuna ada ya kila mwaka ya kuiweka hai, ukiacha kulipa inakufa. Halafu ya Tanzania inalinda Tanzania. Mtu akiiga na kuuza Lusaka huna la kumfanya. Ukitaka nchi nyingi kwa ombi moja kuna ARIPO, makao yao Harare, na hataza yao ni miaka 20 toka siku ya kuomba. Kuna pia mkataba wa dunia, PCT. Ada yake ya maombi ni faranga 1,330 za Uswisi, ila waombaji wa nchi kama yetu wanapunguziwa asilimia 90, inabaki 133. Usishangilie, hiyo ni ya kufungua mlango, kila nchi utakayoingia ina ada zake.

Kwa wengi wetu mimi naona alama ya biashara ina faida zaidi: jina na nembo, unaihuisha tena na tena. Mchanganyiko wako wa pilau ufanye siri tu. Coca-Cola wanafanya hivyo hivyo.

Yule kijana tulikaa naye na bando langu tukapekua Google Patents na Espacenet, zote bure. Mashine za kupukuchua pilipili manga zipo, India wanazo. Kwa hiyo cha kuombea ni ile sehemu ya mnyororo tu, kama kweli hakuna mwingine aliyeifanya. Kuuza mashine bado hajauza. Ameizungushia mabati nyuma ya nyumba, wakulima wanaacha pilipili nje, anawapukuchulia kwa kilo, na hela anaiweka ya maombi.