Sheria Isiyobainika Maana Yake

Sheria ni mpaka baina ya lililoruhusiwa na lililokatazwa. Mpaka usioonekana haumwongozi mtu, bali humtega. Ndiyo maana mahakama huweza kuitangua sheria ambayo maneno yake hayabainiki, ingawa waliyoitunga walikuwa na nia njema.

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Vijana wengi hutoka vijiji vya Shinyanga kwenda Kahama, Katoro na Geita kutafuta riziki katika machimbo ya dhahabu. Wako wanaofika bila ya kazi wala mwenyeji. Je, kijana wa namna hii ametenda kosa gani? Kanuni ya Adhabu iliyotungwa Tanganyika mwaka 1945 ilifuata fikra ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 juu ya wazururaji. Ikamhesabu kuwa mkosaji mtu akutwaye akitangatanga kwa wakati na hali zenye kuonyesha kuwa ana nia mbaya.

Basi ni nani aipimaye nia hiyo? Kwanza kabisa ni askari aliye njiani. Vijana wawili waweza kusimama mahali pamoja, saa ile ile. Mmoja akaachwa, wa pili akatiwa mahabusi, na wote wawili hawakumdhuru mtu. Hapo sheria imeacha kuamua, na aamuaye ni mwenye rungu.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Miongoni mwa sababu zake ni kuwa hazimwelezi mtu kwa uwazi wa kutosha ni lipi lililokatazwa. Maoni hayo peke yake hayafuti sheria ya nchi yoyote. Lakini mwezi Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu vya namna hiyo nchini humo.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 64(5) ya Katiba yasema kuwa sheria inayokiuka Katiba ni batili. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, iliweka mizani: sheria ipunguzayo haki ya msingi iwe na kinga dhidi ya uonevu, tena isipite kiasi cha haja. Na Ibara ya 30(5) yairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuibatilisha sheria papo hapo.

Huenda mzazi akauliza: Je, wezi waachwe? La, hasha! Mwizi ana kosa lake lililoandikwa wazi, nalo ni kuiba. Avunjaye nyumba vivyo hivyo. Hao washitakiwe kwa waliyoyatenda.

Mlezi mwadilifu humjulisha mtoto lililokatazwa kabla ya kumwadhibu. Dola, yenye uwezo wa kumfunga mtu, yapaswa kufanya hivyo zaidi.