Ruzuku Ndogo Ukingoni mwa Msitu

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi, baada ya kupita mji wa Kilifi utauona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wako wa kushoto. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 420, nao ndio mabaki makubwa kuliko yote ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke, na pia sengi, mnyama mwenye pua ndefu na rangi ya dhahabu mgongoni kuelekea mkiani. Humo pia wamo ndovu na nyani, na hao hawajui mpaka wa msitu na shamba.

Je, mama aliyekesha akilinda mahindi yake utamwambia nini kuhusu kuhifadhi wanyama? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wengi wa kandokando ya msitu huo walitaka ufyekwe ili wagawiwe mashamba. Tusiwahukumu haraka. Mtu mwenye njaa haoni uzuri wa bundi. Alichoona ni ardhi nzuri aliyokatazwa kuilima, na kuni alizokatazwa kuzikata.

Vipepeo walipoleta karo

Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi uitwao Kipepeo, wenye makao yake Gede. Fedha za kuanzia, dola 50,000 za Marekani, zilitoka katika Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ambao husimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNDP. Mpango huo ulianza mwaka 1992, nia yake ikiwa kuvifikia vikundi vya wenyeji vilivyo vidogo mno kwa wafadhili wakubwa.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Vipepeo wachache wa kike hunaswa msituni na kuachwa watage mayai. Mkulima hulea viwavi ndani ya vizimba vya wavu, akiwalisha majani wayapendayo. Kiwavi akishajigeuza kuwa pupa, yaani ile hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuota mabawa, mkulima humwuza kwa mradi. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ambako watu hulipa kiingilio ili watazame vipepeo.

Tangu mwaka 1994 hadi 2001, wenyeji walipata zaidi ya dola 130,000 kwa kazi hiyo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mapato ya wakulima yameongezeka na mtazamo wao juu ya msitu umebadilika, wala vipepeo wa porini hawakupungua. Sababu ni wazi. Bila msitu hakuna kipepeo mzazi, na bila kipepeo mzazi hakuna karo. Sasa mkulima ana sababu yake mwenyewe ya kukataa panga.

Msaada huweza kupitia njia nyingine pia. Tangu mwaka 2001, shirika la Kikristo la uhifadhi, A Rocha Kenya, limekuwa likiwalipia sehemu ya karo ya sekondari watoto wa jamii zinazopakana na msitu huo na hori ya Mida, kwa mpango unaotegemea pia viingilio vya watalii. Mzazi naye hushiriki kutunza mazingira.

Kujitolea kuna gharama

Tusidanganyane, wapenzi wasomaji. Kazi ya kujitolea mara nyingi huwaangukia akina mama. Wao ndio hubeba maji ya kumwagilia miche, na wao ndio huacha jembe ili wahudhurie mkutano. Marehemu Wangari Maathai alilifahamu jambo hili alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Akina mama walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa kuchimba shimo tu. Malipo hayo yalikuwa kidogo, lakini yaliheshimu jasho lao na yalihimiza miche itunzwe.

Ikiwa kikundi chenu kinafikiria kuomba ruzuku ya kutunza kijito, mikoko au kichaka cha ndege, tunashauri haya:

1. Andikisheni kikundi, muwe na katiba fupi na akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Wanaobeba maji wawe pia miongoni mwa wanaotia sahihi.

2. Chagueni tatizo moja mnaloliona kwa macho. Anayeomba fedha za kuokoa nchi nzima haaminiki.

3. Wekeni daftari la kazi. Siku za kujitolea, miche, mbolea na chumba cha mikutano ni mchango wenu, na wafadhili wengi huuhesabu.

4. Hesabuni kilicho hai. Miche elfu moja iliyopandwa ikakauka si ushindi.

5. Kama eneo ni msitu wa serikali, zungumzeni na ofisi ya misitu mapema. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2005 iliruhusu wenyeji kuunda vyama vya kushiriki kutunza misitu, na sheria ya mwaka 2016 iliendeleza nafasi hiyo.

6. Ulizaneni mapema: fedha zikiisha, nani ataendelea, na kwa nguvu gani?

Swali hilo la mwisho ndilo huua miradi mingi. Ruzuku nyingi za aina hii hudumu mwaka mmoja au miwili, na mti huchukua miaka mingi. Hata soko zuri huweza kufungwa ghafla, kama ilivyokuwa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nyumba za maonyesho huko ng'ambo. Ndiyo sababu ni busara kuwa na mizinga ya nyuki kando ya vizimba vya vipepeo, na kuweka akiba kidogo kila mauzo yanapofanyika.

Fedha za wafadhili ni kama maji ya kuanzishia mche. Kikundi kitakachofanikiwa ni kile kilichokwisha kuchimba mashimo kabla ya maji kufika. Basi kaeni pamoja mwezi huu, mtembee hadi kijito chenu, na mwandike mlichokiona.