Siku 21 Baada ya Kuvuka Mpaka
Tarehe 20 Septemba 2022, Serikali ya Uganda ilitangaza kuzuka kwa Ebola wilayani Mubende. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, watu 55 kati ya 142 waliothibitishwa kuugua walikuwa wamefariki. Virusi vile vilikuwa vya aina ya Sudan; chanjo iliyokuwapo ni ya aina ya Zaire, wala haikuwafaa.

Ndugu askari, atumwaye nchi jirani, au aendaye huko kwa likizo, hana budi kuzingatia hesabu ya siku. Ebola hujificha mwilini siku 2 hadi 21. Aliyeambukizwa juzi hupimwa joto pale Mutukula, akaonekana hana homa, akapita. Kipimajoto hakikudanganya, kiliulizwa mapema mno.

Maradhi haya huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo kumwosha marehemu, jambo ambalo kwetu ni heshima, ni hatari kubwa kuliko kupita sokoni. Naye amwinuaye majeruhi barabarani na avae glavu.

Arudipo, apime joto lake asubuhi na jioni kwa siku 21. Homa ikimshika, ajitenge na wenziwe bwenini, apeleke habari hospitalini kabla hajaenda, na ataje alikotoka. Wako wafichao, kwa hofu ya kunyimwa safari nyingine. Mganga wa kikosi asiyeijua safari hiyo huenda akamtibu malaria, kwani dalili za mwanzo hufanana.