Fahamu: Meneja wa bandari hupimwaje ujuzi kabla ya kwenda Australia?

Maboresho ya Bandari ya Tanga, yaliyogharimu Sh bilioni 429.1, yameongeza kina kutoka mita 3 hadi 13. Meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari baharini. Uzoefu wa kusimamia kazi hiyo ni mtaji hata ng'ambo.

Nani hupima?
Kwa viza nyingi za ujuzi, Australia hutaka tathmini ya taasisi iliyoidhinishwa kwa kazi husika. Mojawapo ya taasisi hizo, VETASSESS, hupima kazi nyingi za umeneja.

Huangaliwa nini?
Vyeti vya elimu, hati za mshahara, barua ya mwajiri yenye majukumu na muda wa kazi, pamoja na chati ya uongozi. Cheo pekee hakitoshi.

Ufanye nini?
Kusanya ushahidi ungali kazini. Hati za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza.